Mfuniko wa Chemba

Wewe hapo, usigeuze uso. Mara ngapi umeziba pua na kuvuka barabara majitaka yanapofurika? Unapita, unawatukana walio kazini, unasahau. Mimi sisahau. Mwaka ule ufuo ulipochafuka, watoto saba wa mtaani kwetu walilazwa kwa kuhara, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Basi safari hii utasikiliza.

Kila Jumamosi Kiroboto alimpelekea mama yake chakula kazini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na walimwita hivyo kwa sababu hakujua kukaa kitako. Mama yake alikuwa fundi wa pampu zinazosukuma majitaka ya jiji hadi kwenye mabwawa ya kuyasafisha, kabla hayajaingia baharini.

Jumamosi moja asubuhi mvua ilimwagika. Ua ukajaa, maji yakaingia vyumbani, masufuria yakaelea.

"Kiroboto, fungua chemba!" shangazi yake alipiga kelele. "Unangoja nini, tuogelee?"

"Mama amekataza, shangazi."

"Kwani mama yako yuko hapa anakausha godoro?"

Kiroboto alichukua nondo, akabinua mfuniko wa chemba ya majitaka. Maji yalizama kwa kishindo, yakibeba mchanga, majani na matambara. Majirani wakampigia makofi. Alicheka nao, lakini moyo haukutulia.

Saa saba alipofika na chakula kwenye kituo cha pampu, pampu zilikuwa kimya. Majitaka yalikuwa yakimwagika ufuoni. Mama, matope hadi mabegani, alikuwa akizoa kwa koleo mchanga uliozikwamisha pampu. Msimamizi alimsimamia kichwani na karatasi.

"Tia sahihi kwamba ulilala kazini. Kesho usije."

"Sikulala, bosi. Mchanga wote huu nimeuzaa mimi?"

"Umeletwa na nani basi, malaika?"

Kiroboto aliegemea mguu huu, akaegemea ule. Alitaka kukimbia. Akaweka sahani chini.

"Umeletwa na mimi," alisema. "Nimefungua chemba ya uani. Mama alinikataza."

Koleo likasimama.

"Mtoto mmoja azime pampu mbili?" msimamizi aliguna.

"Si mimi tu. Mvua ikinyesha, mtaa mzima tunafungua. Njoo nikuonyeshe."

Wakaenda, mama akifuata kwa hatua ndefu. Walikuta chemba sita wazi zikimeza maji ya mvua na mchanga. Kando ya chemba hizo mtaro wa mvua ulikuwa umejaa taka hadi juu, hauna pa kupitisha hata tone. Msimamizi alichana karatasi yake. Radhi hakuomba. Wakubwa wa namna hiyo nawajua.

Mama aliwageukia majirani, kisha akamshika Kiroboto bega.

"Mwanangu, umesema kweli na kazi yangu imepona. Ufuo haujapona. Chemba ni ya maji ya choo na ya jikoni. Mvua ina mtaro wake, nasi tumeuziba kwa mikono yetu. Shika koleo. Na wewe wifi, shuka mtaroni!"

Shangazi alikunja gauni akashuka, akinung'unika kila hatua. Kufika jioni mtaro ulikuwa ukipitisha maji, mifuniko imefungwa, na kule kituoni mama amemaliza kuzoa mchanga, pampu zinanguruma.

Na wewe uliyesoma hadi hapa? Mtaro wa mbele ya mlango wenu una nini ndani yake? Funga kitabu. Mwite mama, mwite baba, mwite mwenye nyumba, mtoke na makoleo. Si kesho. Sasa hivi!