Glavu Isiyokwaruza

Glavu ilikuwa imelala ndani ya ndoo ya maji tangu jana yake jioni, na asubuhi Povu alipoingiza mkono aliikuta ina joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka sasa hivi. Alidhani ni jua. Kisha akaona jua lenyewe bado halijavuka ukuta wa uwanja.

Povu ni jina alilopewa na wateja, kwa jinsi alivyopenda kulizamisha gari kwenye povu hadi lisijulikane lina rangi gani. Miaka kumi na mmoja aliosha magari nyuma ya kituo cha mafuta, peke yake, na hakuna aliyewahi kumlalamikia, mpaka mkuu wa shule aliporudi na gari lake jeusi. Hakugomba. Alimwomba tu ainame aitazame boneti kwa ubavu, na hapo mistari ikajitokeza, myembamba kama nywele, mamia kwa mamia.

“Mimi si mtu wa lawama, dada,” alisema mkuu wa shule, “lakini hili gari nilikukabidhi zima.”

Ilikuwa sponji. Sponji hukumbatia mchanga, ukisugua unasugua na mchanga wake. Povu aliona haya mpaka masikioni, akafunga kazi mapema, akazunguka madukani kutafuta glavu ya kuoshea iliyo laini na isiyochakaa upesi. Yenye nyuzi nene aliipenda, lakini alipoigeuza ndani nje akakuta mshono wa kifundoni umepigwa mstari mmoja; alishawahi kuwa na ya hivyo, ikafumuka wiki ya pili. Nyingine ilikuwa imara lakini ngumu kama zulia la mlangoni. Alikataa kumi na mbili. Katika duka la mwisho, muuzaji alitoa chini ya meza glavu ya manyoya meupe isiyo na lebo. Povu akaipitisha shavuni, na ngozi yake haikuhisi kitu, ni ubaridi mdogo tu, kama pumzi. Akavuta mishono kwa nguvu zake zote. Haikutoa hata uzi.

Akaichukua hiyo.

Gari la mkuu wa shule aliliosha kwanza, bure, kwa kuomba radhi. Alipolisuuza, mistari haikuwepo. Haikufunikwa na nta wala nini, haikuwepo tu. Mkuu wa shule alishukuru sana, na Povu akapokea shukrani bila kumtazama usoni, maana alijua kazi yake, na alijua maji na sabuni haviwezi kufanya vile.

Siku ya tatu alikuwa anaosha mlango wa teksi alipohisi, ndani ya glavu, vidole vingine vikipenya katikati ya vidole vyake, taratibu, kama vya mtu anayemshika mkono mpenzi wake. Aliuchomoa mkono. Ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, na kovu la moto alilokuwa nalo tangu darasa la pili halikuonekana tena. Aliimwagia glavu mafuta ya taa, akaichoma ndani ya pipa, akasimama pale hadi ikawa majivu. Akaenda nyumbani.

Nyumbani alikuwepo mama yake, aliyepooza upande mmoja, mwaka wa tatu sasa kitandani. Povu humwogesha alfajiri kabla ya kazi. Siku ile alimkuta ametulia, nywele mbichi, chumba kinanuka sufu iliyoloa na kitu kitamu kama ua linalooza.

“Ahsante kwa kuniogesha mchana, mwanangu,” mama alisema. “Siku hizi mkono wako umekuwa mwepesi.”

Povu alimwendea jirani, ambaye kwa kawaida huchungulia mgonjwa saa sita. Jirani alisema hakuingia. Alisikia maji yakikamuliwa mle chumbani, akadhani Povu mwenyewe amerudi.

Kesho yake Povu hakwenda kazini. Aliketi kando ya kitanda, ameushika mkono wa mama, mlango ameukomea. Saa sita ilipofika maji yakakamuliwa, hapo hapo chumbani, ingawa beseni lilikuwa kavu, na tone likateremka kwenye paji la uso la mama, likafuatiwa na jingine, na mikunjo ikaanza kuondoka usoni kama vumbi linavyoondoka kwenye kioo, na mama akafumba macho kwa raha, na Povu akataka kujirusha juu yake amfunike kwa mwili wake lakini miguu ikakataa, na alipotazama akauona mkono wake wa kulia ukiinuka wenyewe, mwepesi, ukishuka shavuni kwa mama, shingoni, begani, ukiosha kutoka juu kwenda chini kama anavyoosha magari, na hakuweza kuuzuia, hakuweza hata kupiga kelele, mpaka mkono ulipofika tumboni, kwenye kovu la upasuaji ambalo mama alizoea kuligusa akisema, wewe ulitokea hapa.

Mkono ulipita pale mara tatu. Kovu likaisha.

Mama akafumbua macho, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama muuguzi mgeni.

“Samahani, dada,” akasema. “Wewe ni nani?”

Jirani ndiye aliyemleta mganga, mzee mpole mwenye kikohozi. Alifukiza chumba, akasoma, akamwamuru aliyemo ajitaje. Kilichojibu kilitumia kinywa cha mama, kwa sauti ya chini isiyo na hasira.

“Sikuvunja mlango. Aliwakataa kumi na wawili, akanichagua mimi. Alitaka laini, na alitaka isiyochakaa.”

Mganga alikaa naye siku tatu, bila kulala. Siku ya tatu harufu ilitoka, chumba kikawa chumba tu. Lakini alipokuwa akifunga begi lake alimwita Povu pembeni, akamweleza kwamba aliyeingia amemtoa, ila kilichooshwa hana uwezo wa kukirudisha, na hataki kumdanganya.

Alfajiri iliyofuata Povu alichemsha maji, akachukua kitambaa laini kuliko vyote alivyokuwa navyo, akamgusa mama begani. Mama alipiga yowe.

“Mkono wako unakwaruza,” alilia. “Yule mwingine yuko wapi?”

Alikataa kuoshwa siku ile, na iliyofuata, na wiki nzima. Alikataa mikono ya jirani na ya muuguzi. Vidonda vya kulala vikafunguka mgongoni. Kila Povu aliposogea, yule mwanamke mwenye uso usio na hata mstari mmoja alijikunyata kuelekea ukutani, akimlilia mtu mwingine.

Siku ya tisa, saa sita kasoro, Povu alijaza beseni maji ya vuguvugu. Akaliweka kando ya kitanda. Akatoka, akaurudishia mlango bila kuukomea, akaketi sakafuni kwenye ujia.

Haikuchukua muda. Maji yakakamuliwa, na mama yake akacheka, kicheko kidogo cha raha.

Povu akaziba masikio, akangoja wamalize.