Taji la Kugawana

Mama yake alimpa maagizo mawili tu: "Peleka mkungu huu wa ndizi kwa Mama Winston kabla giza halijaingia, na usipite kwa Byabato." Ainebyona akaitika, "Ndiyo mama," akautwika mkungu begani, akapita kwa Byabato. Vijana hawa, ukiwaambia wasipite pale, umewaonyesha njia.

Byabato ana banda la gemu hapo Bweranyange, kwenye mteremko wa kwenda bondeni. Ni mabati matupu, mabenchi, televisheni moja kubwa na betri za sola. Jioni ile kelele zilisikika tangu kwenye migomba. Wiki nzima banda lilikuwa limegawanyika kama usharika wenye wachungaji wawili, na ugomvi wenyewe ulikuwa gemu.

Wenyewe waliiita Taji. Ya kwanza waliipenda wote. Ilikuwa ya falme za kale, majitu na mapango yenye ukungu, na mlicheza wawili bega kwa bega. Wewe mtu wako unampa jina lako, mwenzako anampa wake jina lake. Sasa ilikuwa imekuja ya pili. Ya pili unacheza peke yako. Yule mwenzako wa zamani, na jina lake lile lile, unamkuta mwishoni amekaa kwenye kiti cha enzi, na sharti uamue: mgawane taji, au umuue ulichukue zima.

"Wameiharibu!" Mackrine alikuwa anafoka. Alimaliza kidato cha nne mwaka ule, na hakuna mvulana aliyemshinda akishika pedi ya gemu. "Tumepigana pamoja siku zote hizo, leo mnaniambia mwenzangu ni adui? Nani kawatuma?"

"Ndiyo utamu wenyewe, dada yangu." Huyo ni Jovin, mtu wa Kyerwa aliyekuja kununua kahawa ya maganda na hakuondoka tena. "Ya kwanza ilikuwa ya watoto. Hii ina uchungu ndani. Dunia ndivyo ilivyo."

"Dunia ya kwenu huko Kyerwa!"

Banda zima likacheka. Ainebyona akautua mkungu mlangoni, lakini yeye hakucheka. Kati ya wote waliokuwa wanabishana pale, ni yeye tu ambaye mwenzake wa Taji ya kwanza alikuwa amekufa kweli.

Mwenzake alikuwa Winston. Pikipiki iliteleza kwenye tope la masika, kwenye kona ya kuelekea Rugu, basi, ikawa imekwisha. Wawili hao walikua pamoja. Walipokuwa bado wanavaa kaptura za shule walimsikia mzee mmoja akisimulia habari ya omukago, undugu wa damu wa watu wa zamani. Tunda la kahawa lina punje mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo. Kila mmoja anajichanja karibu na kitovu, anapaka damu yake punje moja, mwenzake anaimeza. Kuanzia hapo mmekuwa wamoja. Huli peke yako, humalizi peke yako, na ukimnyima mwenzako sehemu yake, ile punje inaamka tumboni.

Wakaona jambo la kuchekesha. Wakatafuta wembe, wakajificha nyuma ya nyumba ya kina Winston, penye kahawa iliyoanikwa, wakafanya. Wakamezeana punje, wakaishia kucheka na kupigana vibao mgongoni. Lakini kuanzia siku ile Winston hakula hata karanga bila kumpa mwenzake nusu.

"Aine," Byabato akamwita, "faili lenu lipo, sijalifuta. Hii mpya inalisoma lile la zamani. Ulibakiza mlango wa mwisho tu jana, kaa umalize watu waone."

"Nimetumwa kwa Mama Winston."

"Mkungu hauozi kwa dakika moja, bwana!"

Akakaa.

Mtu wake akapita kwenye ukumbi mrefu wa mawe. Watu wakainama mbele kwenye mabenchi, hata Jovin. Ule mlango mkubwa ukafunguka, na aliyekuwa kwenye kiti cha enzi akasimama. Juu ya kichwa chake jina lilikuwa limeandikwa wazi.

WINSTON.

Kabla ya kushuka ngazi, yule mtu akainua rungu, akagonga ngao yake.

Ko. Ko.

Ainebyona akaishusha pedi. Winston alikuwa na mazoea hayo. Kila mlango wa Taji ya kwanza, kabla ya kuingia, lazima agonge ngao mara mbili, na hata nyumbani kwa watu alipiga hodi hivyo hivyo.

"Gemu inaiga uchezaji wa mtu," Byabato akanong'ona. "Faili linakumbuka. Usiogope."

Wakapigana. Mwishowe yule mwenye jina la Winston akapiga goti moja, rungu chini. Maneno mawili yakatokea: gawana, ua. Chini yake alama ndogo ya mshale inamsubiri mwenye pedi.

"Ua!" Jovin akapiga kelele. "Ukigawana skrini inazima tu, huoni kitu. Uhondo wote uko huku!"

"Gawana, Aine." Mackrine alisema polepole, wala hakuwa anabishana tena. "Huyo si wa kuua. Jina la marehemu hilo."

"Mla nawe hafi nawe," Byabato akatia lake, akicheka. "Wahenga hawakukosea. Bonyeza, kaka."

Tusimsingizie Jovin, wala Byabato. Ainebyona alibonyeza kwa hasira yake mwenyewe. Alikuwa amemkasirikia Winston kwa kufa. Amemwacha na mashamba, na jioni ndefu, na benchi lenye nafasi ubavuni. Ukaniacha peke yangu, akasema moyoni, sasa chukua.

Akaua.

Yule mtu hakuanguka kama wanavyoanguka maadui wa gemu. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka shambani, akamtazama aliyeko nje ya kioo. Halafu taji zima likashuka, muziki ukapigwa, Jovin akaruka juu ya benchi. Mackrine akavuta khanga yake, akatoka bila kuaga.

Ndipo harufu ikaja.

Maua ya mibuni... ile harufu tamu inayoziba pua mvua ikishanyesha. Mwezi ule kahawa ilikuwa inavunwa, matunda mekundu yamejaa kwenye majamvi kila nyumba. Ua halikuwepo hata moja, Bweranyange yote.

"Mnasikia hiyo?" Ainebyona akauliza.

Hakuna aliyesikia.

Akautwika mkungu akatoka. Jua lilishazama nyuma ya vilima na njia ya kwenda kwa Mama Winston ilipita katikati ya kibanja, migomba huku na huku. Upepo haukuwepo. Alitembea kidogo, akasikia nyuma yake.

Ko. Ko.

Akasimama. Jani la mgomba lilikuwa linaning'inia, kimya. Labda ni mtu anapasua kuni, akajiambia. Akaendelea, na harufu ikaendelea naye. Alipofika penye makaburi ya ukoo wa kina Winston, pale ndani ya migomba, aligeuza uso pembeni na kuongeza mwendo.

Ko. Ko.

Sasa ilikuwa karibu. Begani kabisa, juu ya mkungu.

Akakimbia. Si aibu, hata wewe ungekimbia.

Mlango wa Mama Winston ulikuwa wazi na taa inawaka. Mama mwenyewe, Edvina, mjane mwembamba mwenye sauti ya chini, alikuwa ameweka vigoda viwili mbele ya mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni." Akatazama nyuma ya Ainebyona, kwenye giza. Akangoja. "Mwenzako mbona haingii?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

"Nimesikia hodi yake."

Ainebyona akautua mkungu. Mama Edvina akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, maana mgeni wa kwetu haanzi mazungumzo kinywa kitupu. Ainebyona akachukua tunda moja, akalipasua kwa meno.

Ndani mlikuwa na punje moja.

Hutokea. Punje moja ya mviringo, mkulima yeyote amewahi kuiona. Akapasua la pili. Punje moja. La tatu... Akamimina kikapu kizima kwenye mkeka, akawa anapasua kwa kucha, anatupa, anapasua. Punje moja. Moja. Moja. Kila tunda upande wa pili palikuwa na kishimo kitupu, kisafi, kana kwamba mtu amekwishachukua chake.

Mama Edvina akaokota ganda moja, akalisogeza kwenye taa.

"Umemfanya nini?" akanong'ona.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mjinga, Ainebyona. Umemfanya nini mwanangu?"

Akamweleza yote: banda, taji, mshale, kelele za watu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona mpuuzi. "Lakini ni gemu tu, mama. Ni mchezo!"

"Na ile kahawa mliyomezeana nyuma ya nyumba yangu?" Kumbe alijua siku zote. "Mlikuwa mnacheza pia. Si mlicheka? Nikasema niwaache, watoto wanacheza. Mzaha mzaha hutumbua usaha." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Mimi nilimzika mara moja, nikashukuru Mungu nimemaliza. Wewe umemuua tena, na watu wakakupigia makofi."

"Nifanye nini, mama?"

"Mpe chake. Kama bado anakitaka."

Mama Edvina alichukua kigoda cha pili, akakiingiza ndani, akafunga mlango.

Kesho yake jua likielekea kuzama Ainebyona alikuwa bandani. Hakulala, hakula, tumbo lilikuwa gumu chini ya kitovu, limejaa kama la mtu aliyekula ugali wa watu watatu. Ubishi ulikuwa bado unaendelea pale pale ulipoachwa, Jovin anasifu, wengine wanalaani. Mackrine akamsogelea amsalimie, akarudi nyuma.

"Aine, umekula nini? Unanuka maua ya mibuni. Mdomoni."

Ainebyona akampita. "Byabato, nirudishe kwenye ule mlango wa mwisho. Nataka kugawana."

"Si umemaliza? Ukishamaliza inaanza upya." Byabato akawasha, akakunja uso. "Ajabu. Imekupeleka moja kwa moja ukumbini."

Ukumbi mrefu wa mawe. Ainebyona akasukuma pedi, mtu wake hakusogea. Akabadilisha pedi, wapi. Halafu mtu akaanza kutembea mwenyewe, bila haraka, mpaka mlangoni, akainua rungu.

Ko. Ko.

Hapo kila mtu alisikia, maana haikutoka kwenye televisheni. Ilitoka kwenye bati la mlango wa banda, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Mlango wa kwenye skrini ukafunguka. Aliyekaa kwenye kiti cha enzi alikuwa na taji zima kichwani, na mkono wake umeshika tumbo. Juu yake jina limeandikwa wazi.

AINEBYONA.

Hawakupigana hata kidogo. Mwenye taji alipiga goti moja mara tu alipomwona aliyeingia. Maneno mawili yakatokea, yale yale.

Jovin alikuwa wa kwanza kukimbia, yeye aliyeipenda gemu hiyo kuliko wote. Byabato akachomoa nyaya za betri kwa mikono yote miwili. Picha haikuzima.

Mshale ukasogea wenyewe. Ukasimama kwenye gawana. Ukakaa hapo, ukakaa... halafu ukahamia upande wa pili.

"Winston," Ainebyona akanong'ona. "Nisamehe, ndugu yangu. Lichukue lote."

Mshale ukarudi. Ukaenda tena.

Mackrine alibaki naye, ndiye aliyesimulia haya. Anasema Ainebyona alipiga magoti kwenye vumbi la banda, hana hata pedi mkononi, na alirudia neno moja tu: "Angegawana. Winston angegawana." Mara akageuka. Akamtazama Mackrine kwa macho ambayo binti yule hatayasahau.

"Yule niliyemjua angegawana," akasema. "Huyu nimemtengeneza mimi jana, nilipomuua."

Maumivu yalimkunja hapo hapo. Walimbeba kwa pikipiki mpaka hospitali, wakampiga picha ya tumbo, daktari akasema kuna uvimbe mdogo, hawezi kujua ni wa nini, wasubiri. Wanasubiri hadi leo. Mama yake anakaa kitandani kwake akimpepea, madirisha yote wazi, kwa sababu ya ile harufu. Na Byabato amefunga banda kwa kufuli. Ukipita pale jioni utaona mwanga wa bluu kwenye matundu ya bati, na ukiwa na moyo wa kuchungulia, utaukuta ule mshale bado haujaamua.