Madumu Sita Kwenye Buti

Kila siku akitoka shule, Oliva alivua viatu, akala alichoachiwa na mama yake, kisha akavuka barabara kwenda gereji ya baba yake pale Newala. Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati, sakafu yake udongo mweusi uliokunywa oili miaka na miaka. Baba yake, Fundi Bonifasi, alijulikana kwa kazi ya springi. Siku hizi macho yalikuwa yameanza kumsumbua, na namba ndogo za futi ya kupimia zilimchezea. Basi Oliva, mwenye miaka kumi na mitatu na mwandiko unaosomeka, ndiye aliyepima na kuandika daftarini.

Jumatatu moja akaja Mwalimu Elineema, mtu wa Upareni anayefundisha shule iliyo bondeni, njia ya Masasi.

"Fundi, naomba unishushie gari," alisema. "Limesimama juu kama jogoo, na kwenye kona linayumba. Lakini natembea nalo kila siku. Nisije nikafika kazini mgongo umekufa."

Fundi Bonifasi alicheka. "Wapo wanaochoma springi moto ili zilale, na raba za kugotea, zile zinazozuia chuma kugonga chuma, wanazitupa. Gari linapendeza likiwa limesimama, likitembea linakupiga ngoma mgongoni. Mimi nashusha kidogo tu. Nakata springi kwa jiwe la umeme la kukatia chuma, halafu nafunga shokapu fupi zinazolingana nazo. Sasa niambie, unabeba nini?"

"Nabeba nini tena, Baba Oliva, kama si maji?"

Jibu hilo halikuhitaji maelezo. Huku juu mlimani bomba hutoa maji siku likitaka, na mwenye gari anayepanda kutoka bondeni na buti tupu, majirani humwuliza kama ameugua. Mwalimu alirudi kila jioni na madumu sita ya lita ishirini.

Gari lilibaki gereji, na kesho yake Fundi Bonifasi alikwenda Mnyambe mazikoni. Kabla ya kuondoka alimwita binti yake.

"Ukitoka shule, jaza madumu sita kwenye tangi la jirani Mama Loveness, hapo ng'ambo, uyapakie kwenye buti. Mweke mtu kwenye kiti cha dereva. Ndipo upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Gari hupimwa na mzigo wake, mwanangu. Likiwa tupu linakudanganya."

"Sawa, Baba."

Jua la saa tisa lilikuwa kali. Oliva alijaza dumu la kwanza, akalivuta hatua chache, akakaa juu yake. Muharami, wa darasa lake, alipita na mpira kwapani.

"Fundi mkuu," alimtania, "leo umekuwa punda wa maji?"

"Niondokee. Njoo unisaidie, basi."

"Mimi? Mechi inaanza. Pima hivyo hivyo, nani atajua?"

Alipokwenda zake, Oliva alilitazama gari, akalitazama tangi kule ng'ambo. Akatoa futi, akapima gari tupu. Kwenye gurudumu la nyuma futi ilisoma sentimita thelathini na tisa. Akaandika namba zote, na chini yake, kwa mwandiko wake mzuri, akaongeza: *Na mzigo, madumu sita.* Kisha akaenda kutazama mpira.

Fundi Bonifasi aliposomewa daftari alishangaa. "Nafasi ni kubwa kuliko nilivyodhani. Tunaweza kukata zaidi."

Kazi ilimalizika Alhamisi jioni, Mwalimu akisubiri pembeni. Gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, Fundi aliinama, akafuta miwani kwa pindo la ovaroli, akainama tena.

"Naliona limelala sana," alisema polepole. "Au ni macho yangu."

Oliva alijishughulisha na kukusanya spana.

Ijumaa jioni Mwalimu alirudi akitembea kwa miguu, shati limelowa jasho.

"Fundi, nimeliacha gari kwenye mteremko. Na maji yale, kwenye kila shimo linagota hadi meno yanagongana. Tairi la nyuma limekula madigadi. Ningepasukiwa pale kwenye kona, tungekuwa tunazungumza mengine."

Fundi Bonifasi alichukua daftari, akalisogeza karibu na uso, akalisogeza mbali. Akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Vipimo ni sahihi," alisema. "Basi mkono ndio uliokosea, au jicho. Mwalimu, nisamehe. Nitakutafutia springi nyingine, lakini azifunge fundi mwingine. Kazi hii imenishinda. Nitaacha kabla sijaua mtu."

Oliva angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini pale mbele yake baba yake alikuwa anavua miwani na kuikunja, kama mtu anayefunga duka.

"Baba, macho yako hayakukosea," alisema. "Sikujaza madumu. Nilipima gari tupu, nikaandika uongo."

Mwalimu alitazama barabarani.

"Jana niliposema limelala, ulinisikia?" baba yake aliuliza.

"Nilikusikia."

"Na mimi nina kosa langu," Fundi alisema, akivaa tena miwani. "Nilipaswa kulipakia mzigo kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Mwalimu, nipe hadi Jumapili."

Springi iliyokatwa hairefuki. Gari lilivutwa hadi gereji, na Jumamosi baba na binti waliteremka Masasi, wakazunguka kwa wauza vyuma chakavu hadi adhuhuri, ndipo wakapata seti nzima ya springi za gari la aina ile ile. Jumapili walizifunga kwanza, kisha Oliva alibeba maji mwenyewe, madumu yote sita, na mabega yakamwuma. Alipima tena. Kwenye gurudumu la nyuma futi ilisoma thelathini na nne.

Safari hii baba yake alikata kidogo sana, akaacha raba za kugotea mahali pake kama kawaida yake, akafunga shokapu zinazolingana. Mwalimu alipokuja, wakapanda wote watatu na maji yao, wakateremka mlima na kupanda. Gari lilitulia kwenye kona, na mashimoni halikugota.

"Sasa nimepata gari," Mwalimu alisema, akapeana mkono na Fundi, kisha na Oliva.

Walipobaki wawili, Fundi Bonifasi alimrudishia binti yake daftari.

"Utaendelea kuandika," alisema. "Macho yangu nitayapeleka hospitali, maana kweli hayaoni vizuri. Lakini nisikilize. Kuchoka si kosa, kila mtu huchoka. Kosa ni kumwandikia mwenzako kitu ambacho hukukifanya, kwa sababu yeye ataweka uhai wa watu juu ya neno lako. Siku ukichoka, andika *sijapima*. Nitarudi, nitalikuta, tutapima pamoja."

Oliva alifungua daftari. Akayafuta kwa mstari mmoja maneno yale ya uongo, na pembeni akaandika tarehe na jina lake.