Vigae vya Kaburi la Mwanamina

Maji ya mtungini yalinuka kafuri. Zuena aliyamwaga, akausugua mtungi kwa majivu, akateka mengine, na kufikia adhuhuri yakanuka tena. Mtungi aliufinyanga mwenyewe juzijuzi, na kafuri haikuwamo nyumbani mwake, maana kafuri ni ya kuoshea maiti.

Mafuriko yalikuwa yamezoa vyombo vya watu, hivyo pale Ngorongo hapakuwa na jiko lisilo na kazi mpya ya Zuena. Wali uliiva kwenye vyungu vyake, udi ulifukizwa kwenye vyetezo vyake, na vingine alivinunua Haiderali, mwenye duka kule Utete. Basi haikuchukua muda majirani wakaanza kunong'onezana kisimani kwamba wali unanuka, na uji pia. Haiderali naye alipiga simu, akauliza kwa upole udongo wa safari hii umetoka wapi.

Udongo ulikuwa uleule wa ukingoni mwa mto. Shida ilikuwa vigae. Mfinyanzi hutwanga vigae vya vyungu vya zamani akachanganya na udongo, ili chungu kisipasuke motoni, na mafuriko hayakumwachia Zuena hata kimoja. Akaenda makaburini. Kwa desturi yao, mtungi uliotumika kuoshea maiti huvunjwa kichwani mwa kaburi, na vigae vyake haviguswi na mtu. Zuena aliviokota, tena kwenye kaburi la Mwanamina.

Mwanamina ndiye aliyemfundisha kazi. Zuena alipowatamani wateja wake, alipita nyumba kwa nyumba akisema vyungu vya bibi yule vina jini. Uongo mtupu, lakini jini likishatajwa nani atabisha? Mwanamina hakuuza tena hata chungu kimoja, akafa na kinyongo chake, na aliyemmaliza ndiye aliyelia msibani kuliko wote. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila safari hii kisima kilianza na asiye na kosa.

Kudra, binti yake wa pekee, alikuwa na kichanga, Nassibu, aliyempata baada ya mimba nyingi kuharibika. Alijifungulia kwa mama yake kwa kuwa barabara ya hospitali wakati ule ilikuwa chini ya maji. Mchana mmoja alimkuta mtoto amelala, shuka kavu, lakini mkono wa kulia umelowa chapachapa. Kesho yake ukawa wa kushoto. Siku iliyofuata Kudra aliketi mlangoni asibanduke, akasikia maji yakimiminwa ndani taratibu, kata baada ya kata, na pumzi za mtu mzima aliyeinamia kazi ya uangalifu, na alipoingia na kuinua chandarua alimkuta mwanawe amelowa kuanzia kitovu hadi nyayo, mwili wa baridi, nywele zimechanwa, na kwenye tundu za pua ametiwa pamba.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mwanangu anaoshwa."

Zuena alilia, akamweleza kila kitu. Akaitwa Maalim Mfaume kutoka Kibiti. Alipofukiza ubani, kichwa cha Kudra kilianguka kifuani, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mimi ni wa pale makaburini. Nilimsikia Mwanamina akilia chini ya udongo. Zuena, ulisema vyungu vyake vina jini. Havikuwa na kitu. Sasa nimo ndani ya vyako."

Maalim aliuliza jini linataka nini.

"Nirudishiwe vigae vyote. Kikibaki chungu kimoja, namaliza kuosha. Sanda ninayo."

Zuena akapita tena nyumba kwa nyumba, safari hii akipiga magoti. Wengine walimtukana mbele ya watoto wa jirani, wengine walimtupia vyungu miguuni, na wote walivitoa. Haiderali alirudisha vyetezo kwa bodaboda. Vyote vilivunjwa kaburini, na jioni ile Nassibu akapata joto, akanyonya kwa pupa hadi Kudra akacheka.

Maalim alirudi kuizindika nyumba, isiingiliwe tena. Aliuliza kama kuna kilichobaki, Zuena akaapa hakuna. Kudra akainua macho.

"Mama, kondo ya nyuma ya Nassibu uliizika ndani ya nini?"

Kwao kondo hutiwa kwenye chungu kipya, bibi akakizika chumbani, na anayekifukua ameufukua uhai wa mtoto. Zuena aliitazama sakafu chini ya kitanda.

Maalim Mfaume alianza kukunja mkeka wake.

"Kukifukua ni kumuua," alisema. "Na kukiacha ni kumwachia jini lile."

Kudra alitoka na mtoto begani, akarudi na jembe, akaliweka miguuni pa mama yake.

"Ulizika wewe," alisema. "Amua wewe."