Kamba wa Kuchaguliwa

Gatini, watu wakisukumana na makreti ya kamba, mtafiti alimkanyaga msimamizi wa mizani ya kiwanda cha kamba.

"Dada, hicho ni kidole changu!"

"Samahani, kaka. Kwa ukubwa huo nilidhani kambakoche."

Mtafiti alivaa gauni la bluu na buti za mpira, rula mkononi. Msimamizi kwisha habari yake.

Kazi ya mtafiti ilikuwa kupima kamba wanaovuliwa, wakubwa kwa wadogo, aseme kama uvuvi uendelee au msimu ufungwe wazaliane. Kuwapata, alipanda meli ya nahodha mmoja mtanashati. Mapenzi yake na msimamizi yakakolea, na wivu wa msimamizi nao.

"Umerudi, mpenzi?" msimamizi alipiga simu.

"Nimerudi hoi. Nahodha kanichemshia chai."

"Chai! Yeye nahodha au mpishi?"

"Wivu huo utakuua, baba."

Usiku huo msimamizi hakulala vizuri. Alimwona nahodha akilini, na meno yake yale meupe, akimimina chai. Alimchukia mpaka kofia yake.

"Bahari inakutesa bure, mama," akambembeleza. "Nitakuwekea kamba wa kupima hapa kiwandani."

Mtafiti, aliyechoka kutapika, akakubali. Naye bwana akamchagulia wanono watupu, kama anampelekea mama mkwe. Vipimo vikapendeza. Mtafiti akaandika kwamba kamba wamejaa tele, uvuvi uendelee.

Kabla hajasaini ripoti, nahodha akampigia. "Dada, wavu wangu unaleta watoto watupu. Wewe unapima kamba wa wapi?"

Mtafiti akaenda mbio kwenye mizani.

"Wadogo uliwapeleka wapi?"

"Niliwatoa. Nilitaka upate wazuri. Na sikutaka upande meli ya yule."

"Kwa wivu wako nimeandika uongo! Kamba wangekwisha, na jina langu nalo. Usinipigie tena."

Akarudi baharini, akapima upya. Wadogo walikuwa wengi mno.

Siku ya kikao cha kiwanda, msimamizi alisimama bila kuitwa. Mbele ya mkuu wa utafiti na nahodha, akasema vipimo vya kwanza aliviharibu yeye, kwa wivu. Ukumbi mzima ukamcheka. Msimu ukafungwa, mizani ikanyamaza.

Jioni simu ya msimamizi ikalia. Alikuwa mtafiti.

"Bado una wivu?"

"Ninao. Hata sasa nasikia sauti ya mwanamume hapo."

"Ni nahodha. Nimemwomba awe shahidi wetu wa ndoa. Amekubali."

Msimamizi alikaa chini palepale.

"Shahidi tu?"

"Shahidi tu, mume wangu. Njoo."