Mfupa Uliofundishwa Kucheza

Ndani ya sanduku la kioo, mfupa wa paja ulikuwa ukitembea peke yake. Haukuwa na mguu wala mwenye mguu. Ulielea katika maji ya uvuguvugu, vyuma viwili vikiukandamiza na kuuachia, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka.

Mashine hiyo iliitwa mfumamifupa, na Iringa ya siku hizo ilitamba nayo. Huchota chembe hai kwenye nyonga ya mgonjwa, huzipanda juu ya kiunzi cha madini, kisha huufundisha mfupa kazi. Maana mfupa ni kitu hai: hunenepa pale unapobeba uzito, hukonda pale unapostarehe. Ndiyo sababu wachimbaji waliorudi kutoka mwezini, ambako mwili huwa mwepesi, walishuka wakishikiliwa kama vikongwe.

Mfupa huu ulikuwa wa Tumsifu Kihwele, binti wa miaka kumi na sita, aliyepatwa na saratani juu ya goti. Dawa zilikuwa zimeunyong'onyeza uvimbe, zikachukua na nywele zake zote. Baada ya majuma mawili madaktari wangeukata mfupa mgonjwa na kuuweka huu mahali pake.

Lakini asubuhi hiyo Mhandisi Komba alipoupima, alishtuka. Mfupa ulikuwa umenenepa upande mmoja. Akafikiri, kisha akajipiga paji la uso. Mwendo wa Tumsifu aliurekodi yeye mwenyewe kwenye korido ya wodi, wakati binti alikuwa ameshachechemea miezi kadhaa. Mashine, kwa utiifu wake, ilikuwa imeufundisha mfupa mpya kuchechemea! Angepona saratani, abaki kilema maisha yake yote.

Akaenda wodini mbio mbio.

"Naona mbwa wa mlinzi hayupo tangu Mhehe alazwe," alisema mlangoni, maana yeye Mngoni na Tumsifu Mhehe ni watani, na Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa; tena mtani haingii kwa mgonjwa na uso wa msiba.

"Alikukimbia wewe, mtani," Tumsifu alijibu, "kama babu zako walivyotukimbia sisi."

Mama yake alicheka hadi akashika ubavu. Komba akaketi, akawaeleza kosa lake bila kulipamba. "Mfupa bado mchanga. Nikipata mwendo wa kabla ya ugonjwa, utajinyoosha. Mna picha zozote akitembea?"

"Kutembea?" Mama aliguna. "Huyu alikuwa hatembei, baba. Alikuwa anacheza tu! Alikuwa mstari wa mbele wa watoto wa kucheza altareni. Misa ya Krismasi iliyopita parokia waliirekodi yote."

Wakaitazama pamoja ukutani. Wimbo wa Utukufu ulipoanza, Tumsifu wa kwenye picha aliingia na sketi ya njano, akiruka, akizunguka, akitua kwa miguu yote miwili sawasawa. Mama alipiga vigelegele mle mle wodini. Nesi akaja kukemea, akabaki kutazama.

Ikafika matoleo. Komba, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama magoti, akasimamisha picha. Mkono wa Tumsifu ulikuwa umeikunja sketi juu ya goti, vidole vimebana. Uso ulikuwa ukitabasamu.

"Mama, uliwaambia madaktari maumivu yalianza Pasaka," Komba alisema taratibu.

Tumsifu aliitazama shuka.

"Ningesema, mngenitoa mstari wa mbele."

Mama akavuta kiti karibu, akakikumbatia kile kichwa chenye upara. "Mimi ndiye niliyeipiga pasi hiyo sketi," alisema. "Nilikuwa naitazama, nikaona njano tu."

Komba alipenga kamasi kwa kishindo. "Basi tunakata hapo. Mfupa utasoma Utukufu, matoleo hautayaona. Ila nakuonya, mtani: mguu huu hautajua kwenda sokoni kama wa watu."

Na kweli, kwa majuma mawili mafundi wa maabara walipita mbele ya sanduku la kioo wakitingisha mabega, kwa jinsi mfupa ulivyoruka na kuzunguka. Ulinyooka. Madaktari wakauweka. Tumsifu alianza na kitembezi, kisha mkongojo, na hata kwenye mkongojo nesi alimlalamikia kwamba anadunda.

Krismasi iliyofuata Komba aliketi benchi la nyuma. Tumsifu aliingia mstari wa mbele, nywele zake zimeota fupi kama nyasi changa. Katika Utukufu aliruka hadi watu wakasahau kuimba.

Ikafika matoleo. Mkono wake ulishuka wenyewe, ukaikunja sketi juu ya goti. Komba alishika benchi la mbele yake. Tumsifu alisita kidogo, kama mtu anayesikilizia maumivu yasiyokuja. Kisha vidole vikaachia kitambaa, mkono ukapanda juu, naye akazunguka.

Vigelegele vya kwanza vilikuwa vya mama yake.