Chupa Kumi na Mbili za Chanjo

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumanne moja ya Desemba, mwaka ule chanjo ya korona ilipoingia nchini, muuguzi Hosiana alifungua jokofu la zahanati akapiga ukelele. Chupa zote kumi na mbili za chanjo, za watu sitini, zilikuwa zimeganda.

Nje foleni ilifika barabarani. Foleni, jamani! Kijiji hikihiki kilichoshinda miezi minne kikisema sindano inamaliza uzazi. Wa tatu kwenye foleni alikuwa Bi Sofia, mwenye kisukari na kifua kibovu, mama yake Koplo Imrani, mpelelezi wa polisi Nachingwea. Imrani alikuwa amembembeleza wiki nzima ndipo akakubali kuja. Sasa Hosiana alimvuta koplo ndani kwa mkono wa shati.

"Zikiganda zimekufa, afande. Nyingine ni baada ya wiki tatu, tukijaliwa."

Imrani alizikagua chupa moja moja. Akaanza kazi, maana hakujua la kufanya lingine. Kufuli la mlango lilikuwa zima. Jana saa kumi na moja jioni Hosiana alipima nyuzijoto nne, akaandika ukutani. Leo kitufe cha baridi kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Rafu ya chini ilikuwa na tone jekundu linalonata. Alilinusa, likanukia sukari.

"Funguo anazo nani?"

"Mmoja ninao mimi. Wa pili unakaa dirishani, wahudumu wote wanaujua. Lakini usihangaike, ni Lubasha yule mfugaji. Jana alitaka kuhifadhi dawa za ng'ombe humu, nikamkatalia, akaondoka anafoka."

Lubasha, aliyehamia na mifugo yake kutoka Kanda ya Ziwa, naye alikuwa kwenye foleni. Alipoitwa, watu walishaanza kelele: "Mfugaji katuharibia!"

"Ulijua chanjo ikiganda inaharibika?" Imrani alimuuliza.

"Nilijua, afande. Ng'ombe wangu kumi na mmoja walikufa na ugonjwa kwa kuwa chanjo yao iliganda."

Watu wakaguna. Mmoja akaokota jiwe.

"Na leo umefuata nini hapa?"

"Kuchanjwa. Mwezi uliopita nimemzika mke wangu Zipora kwa ugonjwa huuhuu."

Aliyeokota jiwe akalidondosha. Mtu hawezi kuharibu kitu usiku, kisha asubuhi akakipangia foleni. Imrani aliwatazama wengine mmoja mmoja. Akina mama wamekuja na watoto, na watoto wananyonya barafu za ubuyu, midomo myekundu. Barafu, saa hizi? Kijiji hakina umeme, jokofu ni hili moja la sola!

"Mama, hizi barafu mmezipata wapi?"

"Kwa Samia. Jana si alitangaza kwenye spika? Mje na watoto, watapata barafu."

Samia, mhamasishaji wa afya wa kijiji, alikuwa amesimama mlangoni na spika yake begani, anatabasamu.

"Samia, uligandishia wapi?"

"Humuhumu, kaka. Nilizungusha baridi hadi mwisho, alfajiri nikazitoa. Semina si walitufundisha chanjo inataka baridi? Nikajua nazisaidia na zenyewe."

Imrani alimweleza. Samia akakaa chini palepale, mchangani.

"Miezi minne natukanwa, kaka. Nafungiwa milango, naitwa wakala wa mashetani. Nikasema niwape watoto kitu kitamu, mama zao watakuja. Na wamekuja! Si unawaona? Wamekuja!"

Imrani hakuwa na wa kumtia pingu. Aliichukua spika, akawaeleza watu yote, akawaomba warudi baada ya wiki tatu.

"Mnaona?" mtu akapaza sauti. "Nilisema hii chanjo ina mambo!"

Haikupita robo saa, foleni ikaisha. Alibaki Lubasha peke yake, anamuuliza Hosiana arudi tarehe ngapi.

Bi Sofia alijitanda kanga vizuri. "Mwanangu, ulisema nije, nimekuja. Sirudi tena."

"Mama, nakuomba."

"Nimeshasema."

Akashika njia ya nyumbani, anakohoa. Imrani alimfuata nyuma, akihesabu kila kikohozi.